Kuku, Kamati na Jumapili Yangu

Kuna video zinazosambaa sana za watu waliorahisisha maisha. Nyumba nyeupe, meza moja, kiti kimoja, na dada mwenye sauti ya chini anaeleza alivyogawa nguo zote akabaki na chache za rangi ya mchanga. Nimezitazama nyingi, hasa nikiwa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, ambako mtu ana muda wa kutazama chochote. Nazipenda. Zinapoza macho. Ila sijawahi kuona zikigusa kile kinachomkosesha usingizi mtu wa Tabata, hapa Dar es Salaam.

Vitu kwetu vina njia ya kutoka. Gauni lisilonitosha linapanda basi kwenda kwa mdogo wangu. Sufuria iliyotoboka inaenda kwa fundi, ikishindikana wale vijana wa vyuma chakavu wanaipima kwa kilo. Godoro kuukuu ukilitoa nje asubuhi, saa nne halipo na mtu ameshakushukuru. Kinachotujaza mpaka tunahema ni ahadi: michango, kamati, vikoba, kamradi ka pembeni, makundi ya WhatsApp yanayoanza kulia kabla ya adhana ya alfajiri. Na ahadi huwezi kuipakia kwenye basi la Morogoro.

Nianze na vitu hata hivyo, kwa sababu hapo nina ugomvi kidogo na hizo video.

Mama yangu anaishi Morogoro, na stoo yake ingemtoa machozi yule dada wa nyumba nyeupe. Ndoo za rangi zilizosuguliwa zikang'aa. Makopo ya maziwa ya unga. Chupa za kila umbo. Na mifuko ya rambo iliyokunjwa pembetatu, imepangwa ndani ya mfuko mwingine wa rambo, ingawa mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Ukimwambia apunguze anakutazama kwa huruma. "Wewe mwanangu hukuiona themanini na moja."

Ni kweli sikuiona. Nimesimuliwa. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha 1979, hazina ya nchi imekauka, mafuta yamepanda bei, na madukani kulikuwa na rafu tu. Sukari na sabuni zilipatikana kwenye duka la kaya, tena kwa mgawo, na balozi wa nyumba kumi ndiye aliyejua kaya yako ina watu wangapi. Mama alipanga foleni usiku, akichoka anaweka jiwe mahali pake, na jirani analiheshimu lile jiwe kama mtu. Sabuni ikikosekana walifulia majani ya mpapai. Walikula ugali wa Yanga, yaani wa mahindi ya njano ya msaada, na mpaka leo mama hawezi kuutazama unga wa njano hata uwe wa keki. Kisha ikaja 1983, msako wa wahujumu uchumi, na watu waliokuwa na bidhaa ndani wakawa wanazitupa usiku kwa hofu. Mama anasema hajawahi kuusahau uchungu wa kusikia kwamba sabuni imetupwa mtoni.

Mlango ulipofunguliwa, kuanzia bajeti ya 1984 na zaidi chini ya Mzee Ruksa, yaani Rais Mwinyi, vitu viliingia kwa fujo. Mitumba ikajaa, vyombo vya plastiki vikajaa, na kizazi kilichokuwa na njaa ya vitu kikala. Sasa mtu wa namna hiyo umwambie ashike ndoo mkononi ajiulize kama inampa furaha? Ndoo inampa usalama. Maji yakikatika siku tatu, ni mama mwenye ndoo kumi na mbili anayeoga, si mimi niliyefuata ushauri wa video. Stoo yake siigusi, na sidhani ina shida yoyote.

Kwangu nilichobadilisha kwenye vitu ni kimoja cha maana. Kabati la kioo pale sebuleni lilikuwa na seti ya vyombo vya wageni, vikombe vya maua na sahani zake, zawadi ya kicheni pati. Wageni wenyewe wakija tuliwapa soda. Nikavitoa vyote vikawa vya kila siku, na yale masahani ya plastiki yaliyokwaruzika yakaenda zake. Kimoja kimeshavunjika mkono. Chai ya asubuhi, na kitumbua kilichobaki jana, ndani ya kikombe cha wageni: ni jambo dogo, lakini kuna heshima fulani mtu anajipa ambayo alikuwa anawawekea watu wasiokuja. Kabati lenyewe tuliliuza.

Basi, vitu vimekwisha. Twende kwenye ahadi.

Ujumbe wa mchango una sura moja nchi nzima. Unaanza na "Bwana Yesu asifiwe" au "Asalaam aleikum", unafuata kusema familia ya fulani ina furaha kukuomba mchango wako wa hali na mali, unamalizia na namba ya simu na jina litakalotokea. Ukichelewa kujibu, unaingizwa kwenye kundi. Hapo ndipo orodha inapoanza. Kila jioni katibu anaibandika upya: namba, jina, ahadi, alicholipa, salio, na tiki ya kijani kwa waliomaliza. Jina lako linakaa pale, mstari wa arobaini na saba, laki moja, sifuri, watu mia mbili wanaliona. Wiki ya mwisho katibu anaanza kuandika kwa herufi kubwa.

Na harusi haiji peke yake. Ina kicheni pati, ina sendofu, halafu sherehe yenyewe, na kila moja ina kamati, na kila kamati ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na kamati ndogo za chakula, vinywaji, mapambo na usafiri. Vikao ni Jumapili saa kumi. Saa kumi maana yake saa kumi na mbili. Vinafanyika baa, ili watu wapate cha kunywa wakati wakijadili bei ya ukumbi, kwa hiyo unalipa mchango na unalipia pia haki ya kuujadili. Kuna msimu nilikuwa na harusi nne zinazopishana, ubatizo, kipaimara na vikoba vitatu, na mume wangu ana orodha yake. Mshahara ulikuwa unapita kwetu kusalimia tu.

Jibu rahisi ni kukataa. Wapo wanaohubiri hivyo mitandaoni: usichangie, michango ni ujinga, kila mtu aolewe kwa pesa yake. Mimi siwezi kusema hivyo, kwa sababu lipo daftari.

Mama mkwe wangu amelihifadhi, kaunta buku lenye jalada jeusi, orodha ya waliochangia harusi yetu. Nimelisoma zaidi ya mara moja. Kuna majina ya watu waliokwisha kufariki. Kuna mwalimu wa mume wangu wa shule ya msingi, elfu tano, na ukijua mshahara wake wa wakati ule, elfu tano ile ilikuwa na uzito. Kuna shangazi ambaye kwenye safu ya pesa ameandikiwa kistari, na pembeni: mchele debe moja, amekuja kuuchambua mwenyewe. Mtu aliyeolewa kwa daftari kama hilo hawezi kuamka asubuhi moja akatangaza kwamba ameokoka michango. Ile ni bima yetu. Kabla benki haijajua jina la bibi yako, michango ilishamzika babu yako vizuri.

Kwa hiyo sikuacha. Tulikaa, mimi na mume wangu, tukapanga kiasi kimoja cha mwezi cha michango yote, tukakitoa siku ya mshahara, tukakiweka pembeni kama kodi ya nyumba. Mwenye shughuli akinitafuta, nampa sehemu yake siku hiyohiyo, kwa mkono au kwa simu, na namwambia, "Sina ahadi, nina hii." Kiasi cha mwezi kikiisha, kimeisha, mwenye shughuli anasubiri mwezi unaofuata au anapata dua. Kamati siingii, isipokuwa ya ndugu wa damu au ya mtu aliyewahi kubeba mzigo wangu.

Usidhani ilipokelewa kwa vigelegele. Binamu mmoja alinirudishia ile pesa. Aliituma palepale, na maneno, "Hii ya nini dada?" Makato ya kutuma nimelipa mimi. Hatukuzungumza muda mrefu, na harusi yake nilihudhuria nje ya kadi, yaani nilikwenda kanisani, nikapiga makofi, nikarudi nyumbani, kwa sababu kanisani hakuna kadi ya singo, ya mtu mmoja, wala dabo, ya wawili. Baadaye alipojifungua nilikwenda kukaa naye, nikamkanda, nikampikia uji wa pilipili manga. Tunaelewana sasa. Lakini ningekuwa mwongo nikisema kupunguza ahadi hakuna gharama. Kuna watu wananihesabu mbahili mpaka leo, na mmoja wao ni wifi yangu.

Nilichokipata upande wa pili ni kwamba nimeanza tena kwenda kwenye misiba. Misiba haina bajeti kwangu, hilo tulikubaliana mapema. Tangu pesa ilipoanza kupita kwenye simu hapa Tanzania, mwaka 2008, rambirambi imekuwa nyepesi kutuma, na wengi wetu tumekuwa watu wa kutuma. Unatuma, unaandika "poleni sana", unaendelea na kazi. Mimi pia nilikuwa sina nafasi ya zaidi ya hapo, Jumapili ziko baa na kamati. Siku hizi naenda na khanga zangu mbili, nakaa na wamama wa nyuma ya nyumba, namenya vitunguu mpaka macho yanakuwa ya kilio hata kwa marehemu nisiyemfahamu vizuri. Usiku tunalala kwenye mkeka. Hapo kwenye mkeka ndipo nimesikia habari za ukoo wangu ambazo kikao cha kamati hakiwezi kuzitoa: nani alimlea nani, shamba la Turiani liliuzwaje, kwa nini baba mkubwa na baba mdogo hawakusalimiana. Nalala vizuri zaidi kwenye huo mkeka, sijui kwa nini, na mgongo unauma.

Sasa kuku.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na banda, kuku mia mbili wa mayai. Nataka ieleweke kwamba walikuwa wanalipa. Si ile hadithi ya mradi uliokufa. Trei zilikuwa zinatoka, maduka mawili na mama wa chipsi walikuwa wateja wa kudumu. Lakini kuku wa mayai ana ratiba kuliko daktari. Kuna chanjo ya kideri, kuna ya gumboro, kisha zote zinarudiwa, na ya maji ya kunywa inataka kuku walale na kiu ili waimalize haraka asubuhi. Maji yasikauke siku nyingine zote. Chakula kikibadilika ghafla wanashusha utagaji. Paka akipita juu ya bati usiku, kesho mayai yamepungua. Mtu mwenye kuku mia mbili haendi Bagamoyo. Hata msibani anaangalia saa.

Zaidi ya hapo, nilikuwa nafanya hesabu ya kuku kichwani wakati mwanangu Imani ananisomea kitabu chake cha darasa la pili. Nasema "eeh, endelea", kumbe niko kwenye bei ya mashudu. Mtoto anajua. Akasimama katikati ya ukurasa akaniuliza, "Mama, kuku wameshakula?" Akaendelea kusoma.

Mjini hapa kuwa na kazi moja imekuwa kama kuwa na kiatu kimoja. Ukisema una ajira tu, watu wanakuuliza, "Na pembeni?" Wakati mwingine nalikumbuka Azimio la Arusha, la 1967, ambalo lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba ya kupangisha. Halikuwa linawatafutia viongozi muda wa kupumzika, nalijua hilo. Lilikuwa linazuia wasigeuke mabwana. Masharti yale yalilegezwa Zanzibar 1991, na wengi waliona imechelewa. Lakini inanishangaza kwamba ndani ya maisha ya mtu mmoja tu tumetoka kwenye nchi ambako kipato cha pili kilikuwa aibu ya kiongozi, tukafika kwenye nchi ambako kukosa kipato cha pili ni aibu ya kila mtu. Sisemi turudi. Mshahara wa mwalimu na bei ya mchele havijawahi kukaa meza moja, na wanaokimbizana na kamradi ka pembeni wengi hawakimbizani kwa kupenda.

Kuku tukawauza wakiwa bado wanataga. Mume wangu hakufurahi, na hajafurahi mpaka sasa. Anaikosa ile pesa, na kuna miezi ana haki ya kuikosa. Tumefuta safari moja ya Krismasi kwa ajili hiyo, na gari dogo tulilokuwa tunalifikiria limebaki kwenye kufikiriwa. Kila likija suala la ada ananitazama, kisha anatazama lile banda, ambalo sasa lina baiskeli. Hili hatujamaliza kulizungumza. Wanaoandika kuhusu maisha rahisi huwa wanaandika kana kwamba mtu anaishi peke yake.

Mengine ni madogo, nitayapitia mbiombio. Kikoba nimebaki na kimoja, kile cha wamama wa mtaani tunaoonana uso kwa uso. Makundi nimenyamazisha yote isipokuwa la familia na la darasa la mtoto. Laini ya pili ya simu nimeiacha ife. Jikoni tuna mzunguko: Jumatatu maharage yaliyolowekwa tangu Jumapili usiku, maana yaliyolowekwa yanakula gesi kidogo, Jumanne dagaa, Jumatano mchicha wa nazi, na kuendelea, wiki hadi wiki. Watoto walilalamika wiki mbili tatu kisha wakaanza wenyewe kusema "leo dagaa" kama wanavyosema leo Jumanne. Swali la "tule nini?" lilikuwa linanichosha kuliko kupika kwenyewe.

Niliyemsimulia haya yote kwa mara ya kwanza ni mama mwenye genge jirani yetu. Alinisikiliza huku akifunga mafungu ya nyanya. "Mama Imani," akasema, "wewe unapunguza. Mimi nikipunguza kimoja, watoto hawali." Yeye upatu ndio mtaji wake, bila zamu yake ya mchezo hawezi kujaza genge upya mvua zikiharibu mzigo. Ana haki kabisa, na sina la kumfundisha. Kupunguza kunataka kwanza uwe na cha kupunguza, na mwenye mshahara wa mwezi akianza kuhubiri wepesi wa maisha kwa mtu wa fungu la nyanya anakuwa kichekesho.

Ila huyo huyo mama, kila Ijumaa kabla ya swala ya adhuhuri, anafunika genge kwa turubai, anafunga kamba, anaondoka. Harudi mpaka jioni. Wateja tunajua, hatumsumbui. Nilipomuuliza kama hapotezi mauzo alicheka. Anapoteza, tena Ijumaa mchana ni mchana mzuri wa biashara. "Nikitoka kuswali nalala," akasema. "Nalala usingizi wa mtu." Amefanya hivyo tangu mumewe yuko hai, miaka na miaka, na hajawahi kuona video ya nyumba nyeupe.

Mimi Jumapili yangu bado naijifunza. Mwanzoni ilinitisha, nilikuwa nasimama sebuleni saa tisa mchana sina pa kwenda, mkono unatafuta simu wenyewe. Utulivu ukiwa mgeni unafanana sana na kuchoshwa. Sasa mara nyingine tunavuka na pantoni kwenda Kigamboni, tunakula mihogo na pweza, Imani anahesabu meli zinazosubiri kuingia bandarini. Mara nyingine hatuendi popote. Namsuka, analalamika, namsuka tena. Hata kitabu chake nakisikiliza, na nimegundua kina hadithi moja kuhusu fisi ambayo haina kichwa wala miguu. Sijui nani aliipitisha.

Mdogo wangu wa mwisho anaoa mwakani. Huyu ni wa damu, kwa hiyo sina pa kukimbilia, na nimeshaambiwa kwamba mimi ndiye mweka hazina, kwa sababu, nanukuu kikao cha familia, "wewe ndiye mgumu wa pesa". Wifi yangu ni katibu. Orodha ataibandika yeye, tiki nitaweka mimi. Nimeomba mawili tu: kikao kisifanyike baa, na asiye na laki asiandikwe sifuri mbele za watu. La kwanza limekubaliwa. La pili wifi anasema tutaona.